Kidole Hufungua, Namba ya Siri Ndiyo Inayolinda

Novemba 2017, ndege ya Qatar Airways iliyokuwa ikitoka Doha kwenda Bali ililazimika kutua Chennai, India, bila hitilafu yoyote ya mitambo. Abiria mmoja, mwanamke raia wa Iran aliyekuwa akisafiri na mumewe na mtoto wao, alisubiri mume apitiwe na usingizi, akauchukua mkono wake na kukigusisha kidole chake kwenye simu. Simu ikafunguka. Kwa mujibu wa vyombo vya habari vya India, aliyoyakuta mle ndani yalihusu mwanamke mwingine, na zogo lililofuata likawashinda wahudumu. Familia ikateremshwa, ndege ikaendelea na safari.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika jimbo la Arkansas nchini Marekani, binti wa miaka sita alitumia dole gumba la mama yake aliyekuwa amelala, akafungua programu ya ununuzi na kuagiza midoli ya Pokémon ya dola 250. Wazazi walipoona orodha ya bidhaa zilizoagizwa, walidhani kwanza kwamba akaunti imedukuliwa.

Upande wa namba nao una visa vyake. Mapema mwaka 2023 gazeti la Wall Street Journal lilieleza mbinu za wezi katika baa za New York na miji mingine ya Marekani. Walikuwa wakichungulia namba ambayo mwenye simu anaibonyeza, kisha wanaikwapua simu yenyewe. Wakishakuwa na vyote viwili, walibadili nywila ya akaunti ya Apple ndani ya dakika chache, wakamfungia mwenyewe nje na kuanza kuchota fedha kwenye programu za benki.

Kwa visa kama hivi, ni rahisi kubishana kutwa nzima kuhusu kipi bora, kidole au namba. Ubishi huo hauna mshindi kwa sababu vitu hivi viwili havifanyi kazi moja ndani ya simu. Anayeelewa kila kimoja kinafanya nini huacha kuchagua kati yao, na badala yake huvipanga.

Kinachotokea kidole kinapogusa

Vitambuzi vya alama za vidole vilivyomo kwenye simu ni vya aina tatu. Vile vilivyo kwenye kitufe cha kuwashia simu au mgongoni, ambavyo ndivyo vilivyojaa kwenye simu za bei ya kati kama Tecno na Infinix, hupima tofauti ndogo za umeme kati ya matuta na mifereji ya ngozi. Vya chini ya kioo mara nyingi hutumia mwanga: kioo huwaka pale kidole kinapogusa, na kamera ndogo iliyo chini yake hupiga picha. Aina ya tatu hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika, na iliingia kwenye simu za Samsung Galaxy S10 mwaka 2019.

Simu iliyotengenezwa vizuri haihifadhi picha ya kidole. Huhifadhi maelezo ya kihesabu yaliyotokana na alama hizo, tena katika sehemu ya pekee ya chipu ambayo programu za kawaida haziwezi kuisoma. WhatsApp, programu ya benki au ya mikopo haipewi alama ya kidole. Hupewa jibu moja tu kutoka kwenye chipu, kwamba kidole kimetambuliwa au hakikutambuliwa. Kwa hiyo ile hofu ya kwamba kampuni ya simu au mmiliki wa programu anakusanya vidole vya wateja kupitia kitambuzi cha simu haina msingi kwa simu za kisasa za iPhone na Android zinazofuata masharti ya Google.

Kazi ya namba ya siri ni kubwa zaidi. Picha, ujumbe na nyaraka zilizomo kwenye simu huhifadhiwa zikiwa zimefumbwa, yaani zimegeuzwa kuwa vurugu ya tarakimu isiyosomeka, na kifumbuzi chake hutengenezwa kwa kuunganisha namba ya siri ya mwenye simu na siri nyingine iliyochomwa ndani ya chipu. Ndiyo maana simu ikizimwa na kuwashwa hukikataa kidole na kudai namba kwanza. Kidole ni kama bawabu aliyekabidhiwa ufunguo asubuhi: akimtambua mwenye nyumba humfungulia, lakini kila simu inapozimwa hunyang'anywa ufunguo huo, na bila namba hana cha kufungulia. Simu za Apple humnyang'anya pia zikikaa saa 48 bila kufunguliwa, na baada ya vidole vitano mfululizo kukataliwa. Android nayo hudai namba angalau kila baada ya saa 72.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo watumiaji wengi hawalitambui. Mtu yeyote anayeijua namba ya siri anaweza kuingia kwenye mipangilio, akasajili kidole chake mwenyewe, na tangu siku hiyo akafungua simu bila kuuliza. Kidole, kwa hiyo, hakiwezi kuwa imara kuliko namba iliyo nyuma yake. Anayeweka 1234 kisha akajivunia kitambuzi cha kisasa anajidanganya.

Namba zinavyokamatika

Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, na kwa hesabu hiyo kuipata kwa kubahatisha ni kazi ngumu. Tatizo ni kwamba watu hawachagui kwa kubahatisha. Mwaka 2012 mchambuzi wa takwimu Nick Berry alichunguza mamilioni ya nywila za tarakimu nne zilizokuwa zimevuja mtandaoni, akakuta 1234 peke yake inachukua karibu asilimia 11. Ilifuatiwa na 1111 yenye takriban asilimia 6, kisha 0000. Michanganyiko 20 iliyopendwa zaidi ilitosha kufungua zaidi ya robo ya zote. Namba zinazoanza na 19 nazo zilijaa, kwa sababu ya miaka ya kuzaliwa. Mwizi anayemfahamu mtu wake, au aliyeokota pochi yenye kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa anayo mkononi.

Mchoro wa kuunganisha nukta tisa unapendwa kwa sababu kidole huuzoea haraka, lakini jicho la jirani nalo huuzoea vivyo hivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo cha Jeshi la Majini cha Marekani na Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, waliwaonyesha watu video za simu zikifunguliwa. Baada ya kutazama mara moja tu, takriban asilimia 64 waliweza kuurudia mchoro wa nukta sita. Namba ya tarakimu sita ilirudiwa na asilimia 11 tu. Zaidi ya hapo, mchoro huacha njia ya mafuta ya ngozi juu ya kioo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha mwaka 2010 kwamba simu ikielekezwa kwenye mwanga kwa pembe inayofaa, njia hiyo huweza kusomeka. Anayeng'ang'ania mchoro basi na aondoe ule mstari unaong'aa unaouonyesha kidole kinapopita, na asianzie kona ya juu kushoto ambako wengi huanzia.

Tarakimu sita huleta michanganyiko milioni moja, na kwa kuwa simu humchelewesha anayekosea mara kwa mara, hizo zinatosha kwa mtu wa kawaida, mradi zisiwe 123456 wala tarehe ya harusi. Mwenye nyaraka nyeti zaidi, kama mwandishi wa habari, wakili au mhasibu, anafaa kutumia nywila ya maneno. Maneno matatu au manne yasiyohusiana, yaliyofuatana bila maana, ni marefu kiasi cha kumshinda mdukuzi lakini si magumu kuyakumbuka, na Kiswahili kimejaa maneno ambayo hayamo kwenye orodha za wadukuzi wa Ulaya.

Kosa linalowagharimu zaidi watu wa Afrika Mashariki, hata hivyo, ni kutumia namba moja kila mahali. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuvuka mpaka kuingia Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa pochi, na namba ya tarakimu nne ya kutolea fedha ndiyo hiyo hiyo inayowekwa kufungulia kioo, kadi ya benki na pengine hata sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa. Aliyechungulia namba ya kioo kwenye daladala anakuwa amepewa na pochi. Namba ya kufungulia simu haina budi kuwa tofauti na ya fedha, na hakuna hata moja inayopaswa kuandikwa kwenye orodha ya majina kwa kisingizio cha "Anko Benki", kwani mwizi wa siku hizi hiyo ndiyo sehemu ya kwanza anayoipekua.

Faida kubwa ya kidole inaonekana hapa. Mbele za watu, ndani ya matatu, kwenye foleni ya wakala au mezani mgahawani, kidole hufungua bila namba kuonekana na jicho la pembeni. Anayetumia kidole hadharani na kuibonyeza namba yake akiwa peke yake amewanyima wachunguliaji kitu cha kuchungulia. Baada ya habari za wezi wa baa, Apple yenyewe ilielekea huko huko: Januari 2024 ilileta kinga ya simu zilizoibwa, ambayo ikiwashwa, mabadiliko makubwa ya akaunti mbali na nyumbani au kazini hudai uso au kidole, na namba peke yake haitoshi. Mabadiliko mengine husubirishwa saa nzima.

Kidole nacho hudanganywa

Septemba 2013 Apple ilitoa iPhone 5s, simu yake ya kwanza yenye kitambuzi cha kidole. Haikupita hata wiki mbili kabla ya Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi cha Ujerumani, kutangaza kwamba kitambuzi hicho kimeshadanganywa. Mwanachama wao Jan Krissler, anayefahamika kama Starbug, alipiga picha ya alama iliyoachwa kwenye kitu cha kioo, akaisafisha kwa kompyuta, akaichapisha kwa wino mzito na kuimwagia gundi ya mbao. Gundi ilipokauka akapata ngozi nyembamba iliyofungua simu. Mwishoni mwa mwaka 2014 alionyesha kwamba hata kioo hakihitajiki: alitengeneza alama ya dole gumba la Ursula von der Leyen, wakati huo waziri wa ulinzi wa Ujerumani, kutokana na picha zilizopigwa kwa kamera ya kawaida.

Mwaka 2019 ikawa zamu ya Samsung. Mwanamke mmoja Uingereza aliweka kava ya silikoni ya bei rahisi juu ya kioo cha Galaxy S10 yake, kisha akagundua kwamba kidole chochote, hata cha mumewe ambacho hakikusajiliwa, kinaifungua. Kitambuzi kilikuwa kinasoma mpangilio wa kava badala ya ngozi. Samsung ilikiri kasoro na kutoa marekebisho. Tangu hapo mafundi hushauri jambo ambalo wenye simu wengi hulipuuza: protekta ikibadilishwa kwenye simu yenye kitambuzi chini ya kioo, alama za zamani zifutwe na vidole visajiliwe upya.

Mifano hii isimtie mtu hofu isiyo na kipimo. Kibaka anayekwapua simu dirishani hana muda wa kuchemsha gundi. Lakini inaonyesha tofauti moja kubwa kati ya kidole na namba. Namba ikivuja hubadilishwa kwa dakika moja. Kidole kikivuja kimevuja. Serikali ya Marekani ililijua hilo mwaka 2015, wadukuzi walipoiba kumbukumbu za ofisi yake ya utumishi zikiwemo alama za vidole za watu milioni 5.6; hakuna wizara yoyote duniani inayoweza kuwapa watu hao vidole vipya. Nchini India, ambako alama ya kidole hutumika kutolea fedha kwa wakala, polisi wamekamata matapeli walionakili alama kutoka kwenye hati za mauziano ya ardhi zilizowekwa mtandaoni na kutengeneza vidole vya silikoni.

Kwa hiyo ni muhimu kutofautisha kidole kinachobaki ndani ya chipu ya simu na kidole kinachobonyezwa kwenye mashine ya mtu mwingine. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020. Alama hizo hulinganishwa na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na hazina uhusiano wowote na zile zilizomo ndani ya simu. Hatari yake ni ya namna nyingine: wakala asiye mwaminifu anaweza kumwambia mteja abonyeze tena na tena, "haijashika, mama, weka tena," huku kila bonyezo likisajili laini nyingine kwa jina lake. Anayesajiliwa ana haki ya kuona kioo cha mashine, kuuliza kila bonyezo ni la nini, na baadaye kupiga *106# kuhakiki ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Vipo pia vidole visivyosomeka. Saruji, chokaa, jembe na sabuni kali za kufulia hulainisha matuta ya ngozi, ndiyo maana fundi ujenzi au mama lishe hubonyeza mara tano bila mafanikio. Hina na piko iliyokolea kwenye ncha za vidole huweza kuvitatiza vitambuzi, hasa vya mwanga. Dawa ya saratani iitwayo capecitabine inaweza kufuta alama kabisa: mwaka 2009 jarida moja la kitabibu lilieleza kisa cha mzee wa Singapore aliyezuiwa kwa saa kadhaa katika uwanja wa ndege wa Marekani kwa sababu vidole vyake havikuwa na alama. Kwa watu kama hawa inasaidia kusajili kidole kisichofanya kazi ngumu, kwa mfano kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kukisajili mara mbili katika nafasi mbili tofauti, na kufanya hivyo mikono ikiwa mikavu na safi.

Kufungua kwa uso kusichanganywe na haya. iPhone zenye kutambua uso hupima umbo la uso kwa nukta za mwanga usioonekana, na mwenyewe asipokuwa amefumbua macho na kuitazama simu, haifunguki. Simu nyingi za bei nafuu hutumia kamera ya mbele tu. Mwaka 2019 shirika la watumiaji la Uholanzi, Consumentenbond, lilijaribu simu 110, na 42 kati yake zilifunguka kwa kuonyeshwa picha ya mwenyewe. Kwenye simu ya namna hiyo, uso uachiwe kazi ya kupigwa picha.

Adui ni nani?

Ulinzi hupangwa kwa kumtazama anayetarajiwa kuingia. Kwa kibaka wa barabarani, kioo kilichofungwa ni nusu tu ya kazi, kwa sababu mara nyingi haangaiki nacho. Huchomoa laini, akaiweka kwenye kitochi, na ndani ya dakika mbili anapokea ujumbe wote wa uthibitisho unaotumwa kwa namba hiyo. Kwa laini hiyo anaweza kusajili WhatsApp ya mwenyewe na kuanza kuwaomba ndugu fedha za dharura. Kinga yake ni namba ya siri ya laini, inayowekwa kwenye mipangilio ya usalama. Ikishawekwa, laini ikihamishiwa simu nyingine hudai namba hiyo, na ikikosewa mara tatu hujifunga mpaka ipatikane namba ndefu ya tarakimu nane ya kampuni ya simu, ile iliyochapishwa kwenye kadi ya plastiki ambayo watu wengi huitupa siku ya kwanza. Mwenye laini anapaswa kuitafuta kadi hiyo kabla ya kuanza, na kuijua namba ya awali ya laini, asije akajifungia mwenyewe. WhatsApp nayo ina uthibitishaji wa hatua mbili tangu mwaka 2017: namba ya ziada ya tarakimu sita ambayo laini peke yake haimpi mtu. Na ujumbe usomekao juu ya kioo kilichofungwa ufichwe, kwani namba ya uthibitisho ikitokea pale, kufuli lote la kidole na namba limerukwa.

Kwa watu wa ndani, mambo ni tofauti. Mke, mume, mtoto au shemeji hahitaji gundi. Anahitaji mwenye simu alale, au akumbuke namba aliyoambiwa siku simu ilipokuwa jikoni na mikono ya mwenyewe ina unga. Hatua ya kwanza ni kufungua orodha ya vidole vilivyosajiliwa na kuhesabu. Kikikutwa cha tatu wakati mwenyewe alisajili viwili, namba ibadilishwe kwanza, vyote vifutwe, kisha visajiliwe upya. Mpangilio huo una maana, kwani kufuta kidole bila kubadili namba ni kazi bure. Programu nyingi za benki huzima kidole kiotomatiki zinapogundua kidole kipya kimeongezwa, zikadai nywila tena. Mteja anayeona programu ya benki imemkataa ghafla asikimbilie kulaumu mtandao. Akague vidole kwanza. Mwenye kuhofia usingizi anaweza kuzima kidole kwa usiku mmoja: kwenye Android, menyu ya kitufe cha kuzimia huwa na chaguo la kufunga kabisa linaloacha namba tu, na kwenye iPhone, kubana kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti mpaka menyu ya kuzima itokee hufanya kazi hiyo hiyo.

Halafu yupo fundi simu. Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, simu iliyoachwa ibadilishwe kioo hubandikwa mgongoni kipande cha selotepu ya karatasi, kikaandikwa kwa kalamu jina la mteja, neno "kioo", na chini yake namba ya kufungulia au mchoro uliochorwa kwa mishale. Simu kumi za namna hiyo hulala kwenye droo moja usiku mzima, zikiwa na picha za familia, mikataba, na programu za benki. Kubadilisha kioo hakuhitaji namba hata kidogo. Kinachohitaji namba ni majaribio ya mwisho, na hayo yanaweza kufanyika mteja akiwepo na kuibonyeza mwenyewe. Simu za Samsung za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo, na Pixel zina ya kwao: fundi hupata simu inayowaka na kujaribika huku picha na ujumbe vikiwa vimefichwa. Ambaye simu yake haina hali hiyo abadili namba kuwa ya muda kabla ya kuiacha, atoe laini, aondoke kwenye programu za fedha, na akirudi aibadilishe tena.

Adui wa nne hatajwi sana, naye ni usahaulifu. Anayefungua kwa kidole kila siku huweza kupita mwezi bila kuigusa namba, kisha simu ikazima chaji safarini na kuwashwa ikiidai. Asipoikumbuka, hakuna fundi mwadilifu atakayeirudisha bila kufuta kila kitu. Hata ikishafutwa, Android hudai akaunti ya Google iliyokuwemo awali, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba akaunti yao ilifunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa, kwa nywila aliyoijua yeye. Mwenye simu ya namna hiyo afungue akaunti yake mwenyewe leo, aiandike nywila yake kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae na vyeti vya nyumbani, mbali na simu na pochi.

Kwa wasomaji walioko Marekani kuna suala la sheria pia. Mahakama za huko zimegawanyika. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya magharibi mwa nchi, katika kesi ya Payne, ilikubali polisi kutumia dole gumba la mtu kufungua simu yake, kwa hoja kwamba kidole hakitoi siri yoyote iliyomo akilini. Januari 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, D.C., katika kesi ya Brown, iliamua kinyume. Namba iliyomo kichwani kwa jumla imepewa kinga zaidi kuliko kidole. Uingereza ni tofauti: sheria ya mwaka 2000 inaruhusu mtu kuamriwa atoe nywila, na kukataa ni kosa la jinai. Anayesafiri na nyaraka za wateja au za chanzo cha habari afahamu sheria ya anakokwenda, na azime simu kabisa kabla ya kufika mpakani ili ifike pale ikiwa imefumbwa na inadai namba.

Simu ikishaibwa

Maandalizi ya dakika kumi nyumbani huokoa saa nyingi baadaye. Namba ya utambulisho wa simu, inayopatikana kwa kupiga *#06#, iandikwe kwenye karatasi ile ile ya nywila. Akaunti ya Google huwa na namba za akiba za kuingilia zinazoweza kuchapishwa, na zinafaa kuchapishwa, kwa sababu siku simu inapoibwa, namba ya uthibitisho hutumwa kwenye simu hiyo hiyo iliyo mkononi mwa mwizi. Android 10 na kuendelea zinaweza pia kufungwa kutoka mbali kupitia android.com/lock kwa kuandika namba ya simu tu, lakini huduma hiyo sharti iwe imewashwa mapema.

Siku yenyewe ikifika, mpangilio wa kazi ni huu. Mwenye simu aazime simu ya jirani na kupigia kampuni yake ya simu, aombe laini na akaunti ya fedha zifungwe. Hilo hutangulia mengine yote, kwa kuwa fedha ndizo zinazoondoka kwanza. Kisha apige benki. Halafu afunge simu kutoka mbali, na kama hana matumaini ya kuipata, afute vilivyomo. Awaarifu ndugu na vikundi vya WhatsApp kwamba ombi lolote la fedha kutoka kwake lipuuzwe mpaka atakapowapigia kwa sauti. Atoe taarifa polisi na kupewa hati ya upotevu yenye namba ya utambulisho wa simu. Baada ya hapo aende kwa wakala kurudisha laini, akiwa na kitambulisho. Laini mpya ikishawaka, aingie kwanza WhatsApp ili kumtoa aliyekuwemo, abadili nywila ya barua pepe, ndipo aweke namba mpya ya kutolea fedha isiyofanana na yoyote ya zamani.